Fluti chuoni: namna ya kuutumia muhula wa masomo ya ana kwa ana

Mwanafunzi wa shahada ya muziki hukutana na mwalimu wake wa fluti mara moja kwa wiki, dakika 45 au 60. Muhula wa wiki 15, ukitoa wiki ya usajili na wiki ya mitihani, humpa masomo 13 hivi. Mwanafunzi huyohuyo akipiga saa 2 kwa siku, siku 6 kwa wiki, atakaa na fluti peke yake saa 156. Saa 13 za mwalimu ni za kupima na kuelekeza, na kazi yenyewe hufanyika kwenye zile 156. Wanaokwama mwaka wa kwanza huwa wamegeuza mambo: wanafanya mazoezi mbele ya mwalimu, na wakiwa peke yao wanapiga tu vipande wanavyovipenda.

Maelezo haya yanamfaa anayeweza tayari kusoma nota na kupuliza oktavu mbili bila taabu, kiasi cha Gredi ya 5 ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Hapa oktavu ya kwanza ni ile inayoanza na C ya kati, nota ya chini kabisa ya fluti ya kawaida. Fluti yenye mguu mrefu hushuka hadi B chini yake.

Ala kwanza

Fluti unayoijua leo ina mfumo wa vifuniko uliobuniwa na Theobald Boehm mwaka 1847. Vifuniko vyake hutegemeana: kimoja kikivuja, nota zote zilizo chini yake huharibika. Ndiyo maana fluti mbovu humdanganya mwanafunzi akadhani tatizo ni midomo yake, akapoteza miezi.

Kwa kuanzia, fluti ya mwanafunzi ya kampuni inayojulikana inatosha. Yamaha YFL-222 ina vifuniko vilivyozibwa. YFL-212 ni ileile ikiwa na kifaa cha ziada kinachoisaidia E ya oktavu ya tatu. YFL-262 ina vifuniko vyenye matundu. Ukiweza, chukua yenye kifaa cha E, kwa sababu nota hiyo itakusumbua miaka yote minne. Fluti za rangi ya waridi au buluu zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya viatu ziache. Vyuma vyake ni laini, vikipinda havirudi, na mafundi wengi hukataa kuzigusa.

Kabla ya kununua iliyotumika, fanya majaribio haya:

1. Shuka kwa semitoni kutoka G ya oktavu ya kwanza hadi C ya chini, ukibonyeza vifuniko kwa wepesi kabisa. Ukilazimika kukaza vidole ili D au C itoke, kuna pedi inayovuja.
2. Ingiza fimbo ya kusafishia kwenye kichwa, upande wenye mstari ukitangulia. Mstari huo uonekane katikati kabisa ya tundu la kupulizia, maana kizibo cha ndani kinatakiwa kukaa milimita 17 kutoka hapo. Kizibo kilichosogea huvuruga uwiano wa oktavu. Kisipokuwa mahali pake, mpe fundi. Usikizungushe wewe ili kurekebisha sauti.
3. Bonyeza kila kifuniko bila kupuliza na usikilize. Mlio wa chuma kwa chuma una maana kizibo kidogo au kipande cha feli kimedondoka.
4. Unganisha kichwa na mwili. Viungo viingie kwa kuzungusha, bila kulegea na bila kulazimisha.

Viungo vya fluti ya chuma havipakwi mafuta wala Vaseline. Vipanguse kwa kitambaa kikavu, inatosha. Unapounganisha, shika mwili mahali pasipo na vifuniko, juu karibu na jina la kampuni. Ukishika fimbo za vyuma utazipinda kidogo kila siku, na baada ya mwaka vifuniko havitafunga.

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar zina unyevu mwingi hewani, na pedi za fluti ni feli iliyofunikwa utando mwembamba mno. Maji na sukari ya mate huzifanya zinate: kifuniko hulia “tk” kikiinuka. Sukutua mdomo kabla ya kupiga, hasa baada ya chai ya maziwa au soda. Baada ya kupiga, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya vipande vyote vitatu, kisha usikifungie kitambaa chenye unyevu ndani ya sanduku. Weka humo vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu au vifaa vya umeme. Pedi ikinata, ingiza karatasi nyembamba isiyo na maandishi, bonyeza kifuniko sekunde chache, kiachie, ndipo uitoe karatasi. Kuivuta wakati kifuniko kimebonyezwa huchana utando, na pedi hiyo itabidi ibadilishwe. Mara moja kwa mwaka peleka ala kwa fundi isafishwe, ipakwe mafuta na vifuniko virekebishwe. Ukikosa fundi, waulize wapigaji wa bendi za jeshi au polisi. Wanapuliza ala kila siku na hujua nani anayezitengeneza vizuri.

Mkubaliane nini na mwalimu

Mwalimu wa fluti mara nyingi ni wa muda: anatoka orkesta, shule ya muziki au chuo kingine, na ratiba yake haifuati ya idara. Wiki ya kwanza mkubaliane mambo haya, ikiwezekana kwa maandishi: siku na saa, chumba, nani anaomba ufunguo, notisi ya kughairi (saa 24 ni ustaarabu wa kawaida), somo lililopotea linalipwaje, na kama ada imo kwenye karo au unamlipa mwenyewe. Uliza pia mtihani wa mwisho wa muhula unataka nini hasa: skeli ngapi, etudi (vipande vya mazoezi) ngapi, vipande vingapi, kusoma nota papo hapo au la. Idara hutofautiana, na kugundua wiki ya 11 kwamba skeli za mainna zilitakiwa katika sura zake mbili ni kuchelewa.

Mwombe ruhusa ya kurekodi sauti ya somo. Wengi hukubali ukisema wazi kwamba rekodi ni yako peke yako.

Ratiba ya siku moja

Saa 2 zigawanywe vipindi vya dakika 25 hadi 40, kila baada ya kimoja upumzike dakika 5 mbali na ala. Fluti hushikwa pembeni, na uzito wake hutegemea sehemu tatu: shina la kidole cha shahada cha kushoto, kidole gumba cha kulia na kidevu. Mwili ukisimama sambamba na kinara cha nota, shingo na bega la kushoto hulazimika kujinyonga. Geuza miguu na kiuno nyuzi 30 hadi 45 kulia kwa kinara, kisha uelekeze kichwa tu kwenye nota. Ganzi kwenye kidole cha shahada cha kushoto au maumivu kwenye kifundo cha kulia ni amri ya kusimama, na ni jambo la kumwambia mwalimu wiki hiyohiyo.

*Sauti ndefu, dakika 20.* Anza na B ya oktavu ya kwanza, ile ya mstari wa katikati. Metronomu iwe 60. Shikilia B mapigo manne, teleza bila ulimi hadi B flati, ishikilie mapigo manne, vuta pumzi. Kisha B flati hadi A, na kuendelea hadi C ya chini. Huu ndio msingi wa mazoezi ya sauti aliyoyachapisha Mfaransa Marcel Moyse mwaka 1934, na walimu wengi bado huyatumia. Lengo ni nota ya pili iwe na rangi ileile ya ya kwanza. Kinachoharibika ni hiki: ukifika E na D, sauti hukonda au hupasuka kwenda oktavu ya juu. Sababu ni pumzi yenye kasi mno na midomo iliyotanuka kwenda pembeni kama anayetabasamu. Legeza pembe za midomo, shusha taya kidogo, elekeza pumzi chini zaidi, punguza kasi. Mdomo wa chini ufunike kama robo hadi theluthi ya tundu. Ukifunika zaidi sauti hufifia na kushuka, ukifunika kidogo mno hutoka hewa tupu.

Ukipata kizunguzungu, unatoa hewa nyingi kuliko ala inavyohitaji. Mwanya wa midomo ni mpana. Keti, pumua kawaida, uendelee ukiwa umeubana.

*Sauti za juu kwa vidole vya C ya chini, dakika 5.* Weka vidole vya C ya chini usiviondoe. Kwa pumzi na midomo tu, toa C ya chini, C ya oktavu ya pili, G, C ya juu, E na G. Zoezi hili halipendezi sikioni na majirani wa bweni watalalamika, lakini hakuna linaloonyesha haraka zaidi kama unapanda oktavu kwa nguvu au kwa ufundi. Anayepanda kwa nguvu huishiwa kwenye C ya juu. Anayesogeza midomo mbele na kuubana mwanya hufika G akiwa bado na pumzi.

*Vibrato, dakika 5.* Chukua G ya oktavu ya pili, metronomu 66. Piga mawimbi 2 kwa kila pigo, halafu 3, halafu 4, halafu 5, kwa kusukuma pumzi kutoka tumboni kama unayesema “ha” bila sauti. Mawimbi yakianza kutetemeka yenyewe, haraka na membamba, koo limekaza na sauti hulia kama mbuzi. Rudi kwenye mawimbi 3.

*Skeli, dakika 25.* Mazoezi 17 ya kila siku ya Taffanel na Gaubert, yaliyotoka 1923, ndiyo yanayotumika karibu kila mahali, na nakala yake inapatikana bure kwenye IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni. La 1 hupitia nota tano tano kwa semitoni. La 4 hupitia skeli zote za meja na mainna. Piga tonaliti 2 kwa siku na utamaliza zote 24 kwa siku 12. Anza na nota nne kwa pigo, metronomu 60. Skeli ikitoka safi mara tatu mfululizo, ongeza 4. Ikikosea, rudi nyuma 8. Badilisha matamshi kila siku: yote kwa kuteleza, yote kwa ulimi, mbili za kuteleza na mbili za ulimi.

Metronomu ikikaribia 120, ulimi mmoja huchoka kwa wapigaji wengi na hapo huingia ulimi maradufu, “tu-ku”. Silabi “ku” ndiyo dhaifu. Kwa wiki mbili piga skeli nzima kwa “ku-ku-ku” peke yake, polepole, kabla hujaziunganisha.

*Etudi, dakika 25, na kipande, dakika 40.* Ernesto Köhler, kazi ya 33, kisha Joachim Andersen, kazi ya 33 na ya 15: hizo ndizo etudi ambazo mwalimu atakupa karibu popote utakaposoma. Moja kwa wiki. Usianze juu ya ukurasa kila siku. Ukifanya hivyo mstari wa kwanza utang’aa na ukurasa wa pili utabaki kuwa wa kubahatisha. Anza na vipimo vinne vya mwisho, kisha vinne vya kabla yake, kila kipande kikiishia kwenye nota ya kwanza ya kinachofuata. Mahali pagumu pabadilishie mdundo: nota ndefu-fupi, halafu fupi-ndefu. Vidole huonyesha wapi vinachelewa.

Mwezi wa Ramadhani, anayefunga apange sauti ndefu na skeli asubuhi mapema, wakati mdomo haujakauka sana, na kipande akifanyie kazi baada ya futari. Midomo mikavu haizibi vizuri na haifai kuilazimisha.

Vidole vinavyoficha makosa

Kuna makosa ya vidole ambayo nota hutoka nayo, kwa hiyo mwanafunzi huyabeba miaka bila kujua. Haya ndiyo mwalimu atakayoyatazama katika somo la kwanza.

D na E flati za oktavu ya pili zinataka kidole cha shahada cha kushoto kiinuliwe. Kikibaki chini, nota inatoka, lakini imezibwa puani. F shapu hupigwa kwa kidole cha pete cha kulia. Kwa kidole cha kati inatoka pia, chini kidogo na bila mwangaza. Tumia njia hiyo tu kwenye mwendo wa kasi kati ya E na F shapu, au kwa F shapu ya oktavu ya tatu ikigoma. Kidole kidogo cha kulia kikae kwenye ufunguo wake wa E flati kwa karibu nota zote, isipokuwa D ya oktavu ya kwanza na ya pili, C na C shapu za chini, na nota chache za juu kabisa. Wanaokisahau hupata sauti nyembamba na fluti inayoyumba mikononi.

E ya oktavu ya tatu hupasuka, hasa baada ya A. Kwenye fluti isiyo na kifaa cha E, jaribu kukiinua kidole kidogo cha kulia: nota hutulia zaidi, ingawa hushuka kidogo.

B flati ina njia tatu: kidole gumba, kidole cha shahada cha kulia, au ufunguo wa pembeni. Katika F meja, gumba likae kwenye B flati moja kwa moja. Lakini F shapu ya oktavu ya tatu haitoki vizuri gumba likiwa hapo, wala B ya kawaida haiwezekani bila kulihamisha. Kabla ya kupiga kipande kipya, andika kwa penseli njia utakayotumia kila mahali. Kuamua katikati ya mwendo ndiko kunakozalisha nota za ajabu.

Kukaa katika sauti

Puliza dakika 5 hadi 10 kwanza, ala ipate joto, ndipo upime A. Kichwa kivutwe nje milimita 3 hadi 5; mtengenezaji ametegemea ukivute. Hewa ndani ya bomba ikipata joto, sauti hupanda, kama senti 3 (senti ni sehemu ya mia ya semitoni) kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo ukumbi wa Mombasa mchana na ukumbi wa Nairobi asubuhi ya Julai haviwezi kuwa na kipimo kimoja cha kichwa.

Fluti ina tabia zake: ukipuliza kwa nguvu hupanda, ukipunguza hushuka. C shapu ya oktavu ya pili, ambayo vidole karibu vyote viko juu, hupanda na kukonda. Ndiyo nota ambayo Debussy aliichagua kuanzia utangulizi wake wa orkesta wa 1894, fluti peke yake, kimya kila upande, na kila mpiga fluti wa orkesta huifanyia kazi maisha yake yote. Ishikilie dhidi ya sauti ya A isiyokatika kutoka kwenye programu ya simu, shusha taya, ipe pumzi nzito.

Mazoezi ya aina hiyo, kupiga juu ya sauti moja inayoshikiliwa, yanafundisha sikio kuliko kuutazama mshale wa tyuna. Ukishikiliwa C, E yako itulie senti 14 hivi chini ya pale mshale unapotaka. Utasikia mtetemo ukikoma. Ukiwa na piano, fuata piano, kwa kuwa yenyewe haiwezi kukufuata. Piano za kumbi na makanisa mara nyingi zimeshuka, na hilo halina shida, vuta kichwa. Iliyopanda ndiyo tatizo: kichwa kikishaingia chote, huna pa kwenda. Ikague piano ya ukumbi wa mtihani mapema ili idara ipate muda wa kuita fundi.

Anayetoka kwenye solfa

Wengi wanaosoma muziki Afrika Mashariki wametoka kwaya na wanasoma do-re-mi haraka kuliko mistari mitano. Sikio hilo ni mtaji. Imba kila sentensi ya muziki kwa solfa kabla ya kuipuliza. Asiyeweza kuiimba ataikosea sauti. Lakini usiandike silabi chini ya nota. Katika konseto ya Mozart ya G meja, K. 313, sehemu ya kwanza huhama kutoka G kwenda D, na “do” inahama nayo. Vidole havihami. Mwenye silabi zilizoandikwa hufika hapo akasimama kufikiri, na piano imeshapita. Jipe dakika 10 kwa siku za kusoma mistari mipya bila kusimama, polepole sana, hata ukikosea.

Pumzi katika muziki usio na pa kupumulia

Hapa ndipo tofauti ya mwanafunzi wa chuo na wa shule huonekana. Sehemu ya kwanza ya Partita ya Bach ya A mainna, BWV 1013, ni nota za robo-pigo zinazofuatana karibu bila pumziko. Anayepumua popote anapoishiwa huukata muziki vipande. Fanya hivi:

Kwanza, pata toleo linalofuata hati ya awali. Matoleo mengi ya zamani yana mistari ya kuteleza iliyoongezwa na wahariri, nayo huharibu mpango wa pumzi kwa sababu haikatiki palipo na mantiki.

Pili, tafuta mahali ambapo sauti ya besi iliyofichwa inamalizia. Mara nyingi ni nota ya kwanza ya kipimo. Pumua baada ya nota hiyo, si kabla yake. Kupumua kwenye mstari wa wima huacha sentensi ikining’inia bila neno la mwisho, na ndilo kosa linalosikika zaidi kwenye mitihani.

Tatu, andika alama za aina mbili: kubwa kwa pumzi kamili, ndogo kwenye mabano kwa pumzi ya dharura. Mtihani una wasiwasi, na wasiwasi hula hewa. Pumzi ya ziada isiyopangwa huja mahali pabaya. Panga ziwe nyingi kuliko unavyohitaji chumbani.

Nne, chukua muda wa pumzi kutoka kwenye nota unayoimalizia. Nota inayofuata ije kwa wakati. Kila siku piga vipande viwili viwili vya pumzi kwa mwendo kamili, kisha vitatu, na usisubiri hadi wiki ya 12 ili uone kama unafika mwisho. Sehemu hiyo inaishia kwenye A ya oktavu ya tatu, nota ambayo wengi huipuliza wakiwa wameishiwa. Weka pumzi kamili karibu nayo na uizoeshe peke yake, polepole, kwa sauti ya wastani. Ikitoka tu kwa kupuliza kwa nguvu, haijawa tayari.

Unapovuta pumzi, mabega yasipande. Toa kwanza hewa yote iliyobaki, kisha acha mbavu za chini zifunguke pande zote, mgongoni pia. Weka viganja kiunoni uhisi.

Ndani ya saa ya somo

Fika dakika 15 kabla, upashe ala joto, ili somo lisiliwe na sauti ndefu za baridi. Mgawo unaofanya kazi kwa dakika 60: dakika 10 sauti, 10 skeli, 15 etudi, 20 kipande, 5 za kupanga wiki. Mwalimu atabadilisha, sawa; lakini dakika 5 za mwisho zilinde, maana bila hizo utatoka na “endelea kufanya mazoezi” na si kazi.

Njoo na mambo matatu yaliyoandikwa. Swali zuri lina mahali na dalili: “Mwalimu, kipimo cha 23, E ya juu inapasuka nikitoka A, nimejaribu kuinua kidole kidogo, inatoka lakini iko chini.” Mwalimu atalishughulikia kwa dakika mbili. “Hapa pananisumbua” humlazimu akae dakika kumi akitafuta.

Mwalimu akikusahihisha, usiitikie “ndiyo” kwa heshima tu. Ifanye palepale mara tatu mbele yake. Heshima ya kutouliza ni hasara kubwa kwa wanafunzi wetu, na mwalimu wa ala hufurahia kuulizwa. Usiku huohuo sikiliza rekodi, andika maagizo kwa kauli za kitendo: “taya chini kwenye C shapu, kipimo cha 8”, si “sauti bora”.

Unapojirekodi chumbani, weka simu mita 2 hadi 3 mbali. Ikiwa karibu, hujirekebisha yenyewe na kusawazisha kubwa na ndogo, ukadhani huna tofauti ya nguvu.

Piano na jopo

Vipande vichaguliwe kabla ya wiki ya 2 kwisha. Nota za piano zimfikie mpiga piano wiki ya 4, zikiwa zimechapishwa vizuri, pande zote mbili, zimeshikizwa ili zigeuke kwa urahisi. Picha ya simu ya kitabu kilichopinda ni dharau kwake. Mazoezi ya pamoja yawe matatu angalau, la kwanza wiki ya 9. Hapo hutapiga vizuri. Lengo ni kujua nani anaanza na nani anafuata. Kwa Mozart, andaa kadensa yako (sehemu unayopiga peke yako, piano ikinyamaza) mapema na umwonyeshe mpiga piano nota ambayo akiisikia ajiandae kuingia.

Wiki mbili kabla ya mtihani, piga programu yote mfululizo mbele ya watu wawili watatu, ukiwa umesimama, na nguo na viatu utakavyovaa. Shati lenye kola ngumu hugusana na taya, na ni afadhali ulijue mapema. Acha kubadilisha vidole au pumzi siku 5 za mwisho.

Siku yenyewe, pasha joto kwa sauti ndefu laini na tonaliti za vipande vyako, dakika 20, usimalize midomo. Kula chakula chepesi saa mbili kabla. Beba nakala za nota kwa kila mtahini, kitambaa, penseli na karatasi ya pedi. Ukiingia, omba A kwa piano hata kama mmepima nje, kwa kuwa ukumbi una joto lake. Vuta pumzi mbili za kawaida, piga vipimo viwili vya kwanza kichwani kwa mwendo halisi, ndipo umtazame mpiga piano. Nota ikipasuka, pita. Kurudia nota iliyokosea huvunja mdundo, na kwa jopo hilo huwa kosa la pili juu ya la kwanza.

Jopo huandika maoni kwenye karatasi. Ichukue idarani kabla ya likizo, uipige picha, umtumie mwalimu. Skeli na etudi za muhula ujao zitapangwa kutoka humo.